Kepa na Jamaa Zake wa Milima ya Usambara

Kepa ni tumba la ua lililochumwa kabla halijachanua, kisha likalazwa kwenye chumvi au siki mpaka uchungu wake ukapungua. Tumba linalosifiwa ni dogo kuliko punje ya njegere, gumu kidogo, la kijani kilichofifia. Likitafunwa, chumvi hutangulia, uchachu hufuata, na mwishoni hubaki mwasho mwembamba unaopanda puani kama wa haradali. Katika majiko mengi ya Tanzania kiungo hiki hakijulikani. Huonekana kwenye vichupa vidogo katika supamaketi za miji mikubwa, na kwenye sahani za hoteli zinazopikia wageni, juu ya pitsa au pembeni mwa samaki. Lakini ukoo wa mmea unaozaa kepa si mgeni hata kidogo katika nchi hii, na Milima ya Usambara pamoja na nyika iliyo chini yake ni mahali pazuri pa kuutazama.

Mmea wenyewe ni kichaka kifupi kinachotawanya matawi yake karibu na ardhi, kila tawi likifika mita moja, mbili au hata tatu. Jina lake la kisayansi, Capparis spinosa, lilitolewa na Mswidi Carl Linnaeus mwaka 1753. Majani yake ni mazito na ya mviringo, na penye kikonyo cha kila jani pana miiba miwili iliyopinda, ingawa ziko aina zinazolimwa ambazo hazina miiba. Mizizi huzama chini sana, na ndiyo inayokiwezesha kichaka kubaki kijani wakati nyasi zote zilizokizunguka zimekauka. Huota kwenye nyufa za majabali, kwenye magofu na kwenye kuta za kale. Ukuta wa Magharibi mjini Jerusalem una vichaka vyake vinavyoning'inia kati ya mawe. Ua lake linapendeza macho kuliko kepa yenyewe: petali nne nyeupe zilizoguswa na rangi ya waridi, na katikati fungu la stameni ndefu za zambarau. Huchanua kwa saa chache, na kesho yake limenyauka. Mkulima wa kepa haombi kuliona. Ua likishafunguka, tumba limepotea, ijapokuwa si hasara yote, kwani tunda linalofuata, lenye umbo la zeituni na kikonyo kirefu, nalo huchumwa bichi na kutiwa kwenye siki.

Kuchuma ndiko kunakoifanya kepa iwe ghali. Tawi moja huwa na matumba ya kila umri kwa wakati mmoja, machanga kabisa yakiwa nchani, na kila tumba lina siku chache tu za kufaa. Kwa hiyo mchumaji hurudi kwenye kichaka kilekile kila baada ya wiki moja au siku kumi, msimu mzima wa kiangazi cha nchi za Mediterania, tangu Mei hadi Agosti. Hufanya kazi hiyo alfajiri jua halijawa kali, ameinama, mikono ikipita katikati ya miiba. Mashine ya kumsaidia haijapatikana. Baada ya hapo matumba hupitishwa kwenye chekecheke za matundu tofauti. Yasiyozidi milimita 7 ndiyo ya bei ya juu. Yanayofika milimita 14 huuzwa rahisi, kwa kuwa yameanza kuwa na petali ndani na hulegea mdomoni. Nchi zinazotajwa zaidi katika biashara hii ni Moroko, Uturuki, Hispania na Italia. Kisiwa kidogo cha Pantelleria, kilicho kati ya Sisilia na Tunisia, kimejenga jina lake juu ya kepa kiasi kwamba tangu mwaka 1996 Umoja wa Ulaya unalinda jina hilo kisheria, na kepa ya mahali pengine haiwezi kuuzwa kama ya Pantelleria.

Tumba bichi halilambiki kwa uchungu. Huko Pantelleria hulitengeneza kwa chumvi ya bahari peke yake. Matumba yaliyochumwa huchanganywa na chumvi hiyo kiasi cha asilimia 40 ya uzito wake, yakakaa siku kumi hivi huku yakigeuzwa mara kwa mara. Chumvi huvuta maji kutoka ndani ya matumba, na maji hayo machungu humwagwa. Huja awamu ya pili, chumvi mpya lakini pungufu, asilimia 25, kwa muda kama ule. Mwisho wake tumba limesinyaa kidogo, rangi imegeuka ya zeituni, na harufu iliyokuwa imejificha imetoka. Mahali pengine hutumia maji ya chumvi kisha siki, njia ambayo ni nyepesi na hutoa kepa kali zaidi lakini yenye harufu pungufu. Kepa iliyokaa sana huonyesha vidoa vyeupe juu yake. Hivyo si ukungu. Ni fuwele za rutini, kemikali ya asili ambayo kepa inayo kwa wingi.

Mwasho wa kepa una kisa chake. Ndani ya seli za mmea huu zimo kemikali za kundi la glukosinoleti, na ile iliyo kuu kwa kepa huitwa glukokaparini. Pembeni, katika seli nyingine, kimehifadhiwa kimeng'enya kiitwacho mirosinezi. Vikiwa vimetengana, jani au tumba halina harufu ya kutisha. Tumba likitafunwa, likipondwa au likibanwa na chumvi, viwili hivyo hukutana, na papo hapo huzaliwa mafuta makali ya haradali. Hii ni silaha ya mmea dhidi ya wadudu na wanyama wanaoula. Binadamu naye, kwa ukaidi wake wa kawaida, ameigeuza kuwa kitoweleo.

Jikoni kepa hutumika kama achari itumikavyo pwani: si chakula, bali ni kitu kidogo kikali kinachowekwa pembeni ili kukata mafuta na kuamsha hamu. Iliyohifadhiwa kwenye chumvi huoshwa na kulowekwa kwanza, la sivyo sahani nzima huharibika. Hutiwa mwishoni, sufuria ikikaribia kuteremshwa, kwa sababu moto mrefu huipokonya harufu. Hupatana na vyakula vya mafuta au vyenye ladha tulivu: samaki, nyama ya kondoo, mayai, viazi. Watu wa Naples huiweka katika mchuzi wa nyanya, zeituni na dagaa wa chumvi ambao huliwa na tambi. Wafaransa wa kusini huitwanga pamoja na zeituni nyeusi wakapaka kwenye mkate, na Wajerumani wana vitonge vya nyama katika mchuzi mweupe wa kepa vilivyochukua jina la mji wa Königsberg. Kijiko kimoja kwa sufuria ya watu wanne kinatosha; anayemimina kichupa kizima hatambui tena alichokuwa anapika.

Wataalamu wa mimea huuweka mmea wa kepa katika familia ya Capparaceae, na familia hiyo huwekwa ndani ya oda kubwa ya Brassicales. Oda hiyo ndiyo inayoileta kepa hadi Lushoto, katika Milima ya Usambara. Karibu mimea yake yote ina silaha ileile ya glukosinoleti, na kwa hiyo karibu yote ina ule mwasho. Kabichi imo. Koliflawa na brokoli zimo, figili imo, sukuma wiki imo, haradali imo. Nje ya bustani za mboga umo mpapai, umo mlonge, na huko nyikani umo mswaki, ule mti ambao vijiti vyake husafishia meno. Gari la mizigo linaloteremka kutoka Lushoto kupitia Soni hadi Mombo, likielekea masoko ya Dar es Salaam au Tanga, hubeba shehena ya jamaa wa kepa, ukiondoa viazi, karoti, nyanya na maharage, ambavyo ni vya koo nyingine.

Msomaji anayetaka kuhakikisha hahitaji maabara. Achukue papai lililoiva, atoe mbegu moja nyeusi, aivue ile ngozi yake ya utelezi, kisha aitafune polepole. Mwanzoni hakuna kitu. Baada ya nukta chache ukali hupanda, si wa pilipili unaochoma ulimi, bali ule unaokwenda puani na kutoa machozi. Mzizi wa mlonge una ukali wa namna hiyo, na mwasho wa mswaki mbichi mdomoni hutoka katika kundi hilohilo la kemikali. Kepa ina ladha hiyo kwa kipimo cha upole zaidi, ikiwa imefunikwa na chumvi na uchachu.

Kabichi na wenzake wa Ulaya waliingia Usambara na wakoloni wa Kijerumani. Katika miaka ya 1890 serikali yao ilikuwa na shamba la majaribio pale Kwai, wakijaribu viazi, nafaka na mifugo ya Ulaya katika baridi ya mlimani, na mji ambao leo ni Lushoto waliuita Wilhelmstal. Mwaka 1902 walianzisha taasisi ya utafiti wa mimea na kilimo huko Amani, Usambara Mashariki, ambayo ilikusanya mimea kutoka pande nyingi za dunia. Mingi iliyojaribiwa ilikufa. Mboga za baridi zilibaki kwa sababu zilipata mahali pake: mji wa Lushoto uko kwenye kimo cha mita 1,400 hivi, usiku wake ni wa baridi, na vijito havikauki upesi. Baadaye walikuja wanunuzi wenye kuchagua. Usambara Lishe Trust, umoja wa wakulima wadogo wa Lushoto, ulijulikana kwa kupeleka katika hoteli za Dar es Salaam mboga na majani ya viungo ya aina nyingi ambayo hayaliwi sana vijijini yanakolimwa. Shamba la Irente, linalomilikiwa na Kanisa la Kilutheri, hutengeneza jibini, mkate na jamu. Biashara ya kusindika chakula kwa ajili ya ladha ya wageni si jambo geni katika milima hii.

Kwa kuwa hali ni hiyo, huenda mtu akafikiri kwamba kepa nayo ingestawi Lushoto. Hapo ndipo jiografia inapokataa. Kepa ni mmea wa jua kali, mawe na ukame. Hutosheka na mvua ya milimita 350 kwa mwaka na huchukia udongo unaotuamisha maji. Upepo wa Bahari ya Hindi unapogonga Usambara humwaga mvua yake upande wa kusini-mashariki, na Amani hupata karibu milimita 2,000 kwa mwaka. Ukifika ng'ambo ya pili umekwisha kukauka. Mtu aliyesimama Mtae, kwenye ukingo wa mlima, huona tofauti hiyo kwa macho: nyuma yake migomba na mahindi, mbele yake mteremko mkali, na chini kabisa nyika ya Mkomazi, ya kahawia na kijivu karibu mwaka mzima.

Wasambaa hawakungoja vipimo vya mvua ili kulijua hilo. Mwanahistoria Steven Feierman, katika kitabu chake juu ya ufalme wa Wasambaa kilichotoka mwaka 1974, ameeleza jinsi wenyeji walivyozigawa nchi mbili, Shambaai ya juu na nyika ya chini, kila moja na mimea yake, maradhi yake na dawa zake. Vijiji vilipendelea kukaa karibu na ukingo wa mlima, mahali ambapo mtu aliweza kuwa na migomba juu na shamba jingine chini, ili upande mmoja ukiharibikiwa na mvua mwingine umlishe. Kwa mpangilio huo kabichi ni ya Shambaai, na kepa, kama ingeletwa, ingekuwa ya nyika.

Na nyikani tayari kuna ndugu zake wa damu. Katika vichaka vya Mkomazi na nyanda nyingine kavu za Afrika Mashariki familia ya Capparaceae ni ya kawaida sana: Boscia, Maerua, Cadaba, na Capparis yenyewe. Mlimani haipo kwa wingi kiasi hicho, ingawa misitu ina Ritchiea albersii, mti wenye petali nne na stameni ndefu ambazo humkumbusha mtu ua la kepa mara moja. Watu wa nchi kavu wamejifunza kula baadhi ya mimea hii kwa subira. Waturkana wa kaskazini mwa Kenya huchemsha tunda la Boscia coriacea, wanaloliita edung, wakibadilisha maji mara nyingi mpaka uchungu utoke. Chumvi ya Pantelleria na sufuria ya Turkana hufanya kazi moja: kuondoa kile ambacho mmea ulikiweka ili usiliwe.

Pwani nako kuna mmoja ambaye ni wa karibu kuliko wote, Capparis cartilaginea, unaoota kwenye miamba kuanzia Oman na Yemen, kupitia Somalia, hadi matumbawe ya pwani ya Kenya. Zamani baadhi ya wataalamu waliuhesabu kuwa ni aina tu ya mmea wa kepa. Mswahili aliyeishi Maskati na kutembea mabondeni mwa milima ya huko huenda amepita karibu na wote wawili, huu na kepa halisi, bila kuujua hata mmoja.

Vipepeo wanaijua familia hii vizuri zaidi. Kuna kipepeo mweupe mwenye mistari ya kahawia kwenye ncha za mbawa, Belenois aurota, ambaye viwavi wake hula majani ya jamaa wa kepa. Miaka ya mvua nzuri huzaliana kupita kiasi, kisha huhama kwa maelfu kuelekea upande mmoja, wakivuka barabara na mashamba mchana kutwa. Wakulima wanaowaona mara nyingine huhofia kabichi zao. Hofu hiyo si ya lazima, kwani hao hutafuta miiba ya nyikani. Adui wa kabichi ni mwingine, nondo mdogo wa kijivu mwenye alama za almasi mgongoni, Plutella xylostella, ambaye hufuata harufu ya mafuta ya haradali kama mtu anayefuata harufu ya pilau. Silaha ya mmea kwake imekuwa mwaliko. Amezoea viuatilifu vingi kiasi kwamba mwaka 2002 watafiti wa ICIPE, kituo cha utafiti wa wadudu cha Nairobi, waliachia huko Werugha, katika Milima ya Taita ng'ambo ya mpaka, nyigu mdogo aitwaye Diadegma semiclausum, aliyeletwa kutoka Taiwan, ambaye hutaga mayai ndani ya viwavi wa nondo huyo na kuwaua. Kwa mkulima anayetumia pesa nyingi kwenye dawa za kupulizia, nyigu asiyedai malipo ni habari njema kuliko kiungo chochote cha kigeni.

Jamaa wa kepa mwenye thamani kubwa kwa mlo wa Usambara, hata hivyo, ni mgagani. Kwa muda mrefu wataalamu waliuweka katika familia moja na kepa. Uchunguzi wa vinasaba uliofanyika kuelekea mwanzo wa karne hii ulionyesha kwamba uko karibu zaidi na kabichi, ukapewa familia yake, Cleomaceae, katikati ya familia ya kepa na ile ya kabichi. Jina lake la kisayansi ni Cleome gynandra. Wengine huuita Gynandropsis gynandra. Anayeupita njiani huutambua bila shida: jani lina vidole vitano vilivyokutana kwenye kikonyo kimoja, shina lina vinyweleo vinavyonata mkononi, na ua jeupe au la zambarau hafifu limetoa stameni ndefu nje kama masharubu ya paka. Huota wenyewe kwenye mbolea ya zizi, kwenye majalala na mashamba yaliyolimwa karibuni. Hupenda joto, kwa hiyo huchangamka zaidi kwenye miteremko ya chini kuliko juu mlimani Magamba, ambako baridi huudumaza. Wiki nne hadi sita baada ya kupandwa huwa tayari kuchumwa.

Hapa pana tofauti ya kuchekesha kati ya jamaa hawa wawili. Mkulima wa kepa huchukua tumba na kuacha jani. Mkulima wa mgagani huchukua jani, na tumba hulikata na kulitupa mara linapotokeza, ili mmea usikimbilie kutoa mbegu bali uendelee kuchipua majani. Uchungu ndio uleule, na namna ya kuupunguza inakaribiana. Wapishi wengi huchemsha mgagani, wakamwaga maji ya kwanza, ndipo wakaunga kwa karanga au tui la nazi. Kenya, kwa Wakalenjin na Waluo, huuchanganya na maziwa na kuulaza usiku kucha, kesho yake ladha imekuwa laini na chachu kidogo. Thailand huutia kwenye maji ya chumvi hadi uchachuke, wakaula kama achari. Njia hiyo ya Thailand ndiyo inayousogeza mgagani karibu na kichupa cha kepa kuliko nyingine yoyote, na mtu wa Lushoto mwenye chumvi na mtungi safi anaweza kuijaribu bila gharama kubwa.

Mboga za namna hii hazikuwa chakula cha njaa peke yake. Mwanaanthropolojia Anne Fleuret alichapisha mwaka 1979 makala kuhusu nafasi ya majani ya porini katika mlo wa Lushoto, akaonyesha kuwa yalikuwa kitoweo cha kawaida cha nyumbani. Mwaka 2000 mtaalamu wa mimea Vainio-Mattila naye alitoa orodha ya mboga za porini zinazotumiwa na Wasambaa. Kituo cha Afrika cha World Vegetable Center kilichopo Tengeru, Arusha, kimekuwa kikikusanya na kuchagua mbegu za mboga za asili, mgagani ukiwemo. Kabichi huuzwa vizuri mjini kwa kuwa huvumilia safari. Mgagani hunyauka siku ileile. Hilo, na si ladha wala lishe, ndilo linaloufanya mgagani uonekane mboga ya maskini.

Ziko njia za kupata ladha ya kepa bila kepa. Iliyo maarufu duniani ni mbegu mbichi za nastashiamu, ua la machungwa au manjano lenye majani ya mviringo kama sahani, lililotoka milima ya Andes huko Amerika Kusini na ambalo hupenda hewa baridi kama ya Lushoto. Nalo ni la oda ya Brassicales. Mbegu zake hukaa tatu tatu, na huchumwa zikiwa bado za kijani na laini; ukucha ukishindwa kuzipenya, zimekwisha kupita wakati. Hulowekwa siku moja au mbili katika maji yenye gramu 100 za chumvi kwa lita, zikaoshwa, zikatiwa kwenye chupa iliyochemshwa pamoja na siki iliyopashwa moto, jani moja la “bay” na punje chache za pilipili manga. Baada ya majuma machache huwa kali kuliko kepa na zenye mlio mdomoni. Mpishi wa hoteli atagundua kwamba si kepa. Mgeni wake huenda asigundue.

Kuhusu kulima kepa halisi chini ya Usambara, mahali pa kujaribia pangekuwa ukanda mkavu kati ya Mombo, Mkumbara na Mkomazi, kwenye miteremko ya mawe isiyofaa mahindi. Mmea ungeweza kuvumilia. Lakini mbegu zake ni ngumu kuota na wakulima wengi huotesha vipandikizi. Mavuno ya maana huanza mwaka wa tatu au wa nne. Na uchumaji hula sehemu kubwa ya gharama yote. Juu ya hayo, soko la ndani ni dogo na la nje linashikwa na nchi zilizo jirani na Ulaya. Kwa hesabu hizo, bustani ya mgagani pembeni ya nyumba na mche wa nastashiamu kwenye ukuta wa hoteli vina maana zaidi kuliko ekari ya kepa.

Limebaki jambo la tahadhari. Nyika za Tanzania zina spishi iliyoenea ya ndugu wa kepa, Capparis tomentosa. Ni kichaka kinachokwea, chenye vinyweleo laini kama mahameli, miiba miwili miwili iliyopinda inayong'ang'ania nguo, maua meupe yenye stameni nyingi, na tunda la mviringo linaloiva kuwa la rangi ya machungwa. Mtu aliyekwisha kuona picha ya kepa anaweza kuyafananisha matumba yake na kushawishika kuyatia kwenye siki. Asifanye hivyo. Mmea huo hutumika katika dawa za kienyeji sehemu nyingi za Afrika, lakini una sumu: majaribio yaliyofanywa Sudan yaligundua kwamba huwadhuru mbuzi, kondoo na ndama, na chumvi au siki si dhamana ya kuiondoa sumu hiyo. Mifugo izuiwe kuula wakati wa ukame, watoto wakanywe wasichezee matunda yake, na mtu aliyekula akaumwa apelekwe kituo cha afya mara moja, pamoja na tawi la mmea wenyewe ili mganga aone alichokula.